Bangkok kwa Mume na Mke Wenye Bajeti Ndogo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tangu turudi Bangkok, mimi na mume wangu, simu haipumziki. Mashoga zangu, wateja wa dukani, mashemeji, kila mmoja ana swali, na mengi yanafanana. Nimeyakusanya hapa nijibu kwa utulivu. Sisi ni watu wa Dar es Salaam, kipato cha kawaida, tulikwenda siku saba kutembea na kununua nguo na urembo kidogo. Kuna neno moja nitakalolirudia mpaka mnichoke: tazameni kwanza, nunueni mwisho.

Kwa nini Bangkok, si Dubai wala Guangzhou?

Kwa sababu tulitaka vitu viwili kwa nauli moja. Guangzhou ni mji wa kazi. Ukimaliza kununua unarudi. Bangkok unanunua asubuhi, jioni mmekaa kwenye boti mnatazama mahekalu yakiwaka taa. Na maisha ya kila siku pale ni nafuu kuliko Dubai: chakula, usafiri na malazi havikuumizi. Kutoka Nairobi, Kenya Airways ina ndege ya moja kwa moja. Sisi wa Dar kwa kawaida tunapitia Addis Ababa, Doha, Dubai au Muscat.

Tujiandae na kiasi gani, bila nauli?

Dola moja miaka hii imekuwa ikipanda na kushuka kati ya baht 31 na 37; baht ndiyo pesa ya Thailand. Hesabu zetu za watu wawili zilikuwa hivi: chumba baht 1,200 kwa usiku, usiku sita, 7,200. Chakula baht 600 kwa siku, siku saba, 4,200. Usafiri wa mjini baht 250 kwa siku, 1,750. Viingilio 2,200. Jumla baht 15,350, ambazo kwa baht 33 kwa dola ni kama dola 465. Hapo mnakula mnashiba, mnalala penye kiyoyozi na maji ya moto.

Pesa ya manunuzi iwe kando kabisa, kwenye bahasha yake. Mkizichanganya, siku ya nne hamtajua kama mmekula pesa ya nguo au mmevaa pesa ya chakula.

Viza je?

Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anahitaji viza kabla ya kusafiri, na maombi yanafanyika mtandaoni kwenye tovuti rasmi ya serikali ya Thailand. Ubalozi wao kwa ukanda wetu uko Nairobi. Ndugu zetu wenye pasipoti za Oman, za nchi nyingi za Ulaya au ya Marekani huingia bila viza. Wote, mwenye viza na asiye nayo, mnajaza kadi ya kidijitali ya kuingia nchini ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Ilianza tarehe 1 Mei 2025 na ni bure. Tovuti yoyote inayowadai pesa kwa kadi hiyo si ya serikali, ifungeni.

Sasa sikilizeni hili la cheti cha homa ya manjano. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zote zimo kwenye orodha yao. Ukishuka ndege Suvarnabhumi, uwanja mkuu wa Bangkok, kabla ya foleni ya uhamiaji, kuna dawati la afya. Jaza fomu yao, onyesha kile kitabu cha njano, upigwe muhuri, ndipo uende uhamiaji. Sisi tulifuata umati wa abiria, tukapanga foleni ndefu, tukafika mbele tukarudishwa nyuma kutafuta muhuri. Tulikuwa tumechoka, miguu imevimba, na foleni ikabidi ianze upya. Msifuate umati, wengi wao wametoka nchi zisizodaiwa cheti.

Tubebe pesa taslimu au kadi?

Vyote viwili, ila taslimu ndiyo itakayofanya kazi sokoni. Bebeni dola, noti za mia mia, mpya, zisizo na alama ya kalamu wala mkunjo mkali. Noti ndogo hubadilishwa kwa bei mbaya kuliko ya mia. Shilingi zetu huko hazina soko. Uwanja wa ndege msibadilishe kwenye madirisha ya juu unapotokea tu. Shukeni ghorofa ya chini kabisa, karibu na stesheni ya treni, kuna maduka ya kubadilisha fedha yenye bei inayokaribia ya mjini. Mashine za benki zinakata baht 220 au zaidi kila mkitoa kwa kadi ya kigeni, kwa hiyo msitoe kidogo kidogo.

Tulale mtaa gani?

Wengi watawaambia Khao San. Mimi nasema hapana, kama mnakwenda kununua. Khao San ni mtaa wa vijana na muziki, na uko mbali na treni. Laleni kati ya Pratunam, Ratchathewi na Phaya Thai. Treni ya uwanja wa ndege inaishia Phaya Thai, nauli haizidi baht 45. Masoko ya nguo za jumla yako hatua chache. Boti ya mfereji iko hapo hapo. Na kwa tunaoswali, kuna msikiti wa Darul Aman ndani ya Soi 7, yaani kichochoro cha saba, cha barabara ya Phetchaburi, na mtaa mzima unanukia vyakula vya halali.

Faida kubwa ya kulala karibu na soko mtaiona mkononi: mnanunua, mnapeleka hotelini, mnarudi. Anayelala mbali anazunguka na mizigo mchana kutwa kwenye joto lile.

Hoteli hawakuulizeni cheti cha ndoa, wanataka pasipoti tu. Nyingi zinashika amana taslimu, mara nyingi kati ya baht 500 na 1,000, wanarudisha siku ya kuondoka. Ombeni risiti yake.

Usafiri wa mjini ukoje?

Kwa ujumla ni raha. Kuna treni ya juu, BTS, iliyoanza mwaka 1999. Kuna ya chini ya ardhi, MRT, tangu 2004. Nauli ya BTS sehemu za katikati ni kati ya baht 17 na 47. MRT unaweza kugusisha kadi ya benki getini ukapita. Bolt na Grab zipo, na madereva wa pikipiki wenye vizibao vya rangi ya machungwa ni bodaboda wetu wale wale. Teksi ya mita inaanza baht 35. Dereva akikataa kuwasha mita, shuka, chukua nyingine.

Lakini usafiri nilioupenda moyoni ni boti za mfereji wa Saen Saep. Boti ni ndefu na nyembamba, inafika gatini kwa kasi na haisimami sawasawa. Unashika kamba, unaruka ndani. Konda anatembea nje, kwenye ukingo wa boti, kofia ngumu kichwani, mkono mmoja umeshika kamba na mwingine unakusanya nauli. Anayekaa pembeni ana kazi: boti nyingine ikipishana nanyi, unavuta kamba na turubai la plastiki linapanda kuzuia maji machafu yasiwarukie. Mume wangu alipewa kamba hiyo na mama mmoja bila maneno, kwa ishara tu, akaivuta safari nzima kwa makini. Kutoka Pratunam mpaka mwisho wa mfereji, Panfa Leelard, haifiki hata baht 30 kwa mtu, na mkishuka Mlima wa Dhahabu wa hekalu la Wat Saket uko mbele yenu ("wat" ni hekalu).

Kwenye mto mkubwa, Chao Phraya, tafuteni boti ya bendera ya rangi ya machungwa. Nauli ni baht 16 popote mnapokwenda. Kwenye gati la Sathorn kuna wauza tiketi wanaowaelekeza watalii kwenye boti ya bei kubwa zaidi. Semeni tu "bendera ya machungwa" kwa kuonyesha kidole.

Tukione nini, na viingilio ni bei gani?

Kasri Kuu ni baht 500 kwa mgeni, Wat Pho 300, Wat Arun 200. Yote matatu kwa watu wawili ni baht 2,000, na yote yanamalizika siku moja mkianza mapema. Kasri linafunguliwa saa mbili na nusu asubuhi na tiketi zinakoma saa tisa na nusu alasiri. Fikeni milango inapofunguliwa. Saa nne watu wanakuwa wengi na jua limekuwa kali.

Kasri lilianzwa kujengwa 1782, mfalme Rama wa Kwanza alipohamishia mji mkuu upande huu wa mto. Dhahabu yake inachosha macho, nasema kweli. Ukitoka unataka kivuli na maji. Wat Pho ndiko mtakakotulia. Buddha aliyelala pale ana urefu wa mita 46, na nyayo zake zimepambwa kwa lulumizi, alama 108. Nyuma yake kuna vibakuli 108 vya shaba vimepangwa ukutani, watu wanadondosha sarafu moja moja, na mlio ule mdogo mdogo unawafuata mpaka mlangoni.

Kisha vukeni mto kwa pantoni dogo kutoka gati la Tha Tien, baht chache tu, mfike Wat Arun. Hapo nilisimama muda mrefu. Mnara wote umepambwa kwa vipande vya sahani na bakuli za Kichina, maua yametengenezwa kwa vipande vilivyovunjika. Nikakumbuka makaburi ya nguzo ya Kunduchi, yale yaliyopachikwa bakuli za Kichina na wazee wetu karne nyingi zilizopita. Bidhaa zile zile, zimesafiri na pepo zile zile za kusi na kaskazi, zikaishia kwenye kuta za watu wawili wasiojuana. Kama mnatoka pwani, msiipite Wat Arun haraka.

Vya bure navyo ni vingi: bustani ya Lumphini yenye kenge wakubwa wanaoota jua kando ya maji, soko la maua la Pak Khlong Talat lisilolala usiku, na Yaowarat, mtaa wa Wachina, kuanzia jioni. Mlima wa Dhahabu ni baht 100, ngazi 344, lakini zinapanda taratibu na juu mnauona mji wote.

Tuvae nini hekaluni?

Mabega na magoti yafunikwe, mume na mke. Gauni refu la kitenge lenye mikono linatosha kabisa, na buibui au hijabu havina tatizo lolote. Kwenye Kasri, mtandio wa kufunika mabega yaliyo wazi haukubaliki, kwa hiyo msitegemee kanga begani. Vaeni blauzi yenye mikono. Kanga ibaki kwenye mkoba kwa kujifunga kiunoni kwingine. Viatu viwe vya kuvua upesi. Na mwanamke haguswi na mtawa wa kiume wa Kibuddha wala hamgusi. Ndani ya boti, akikaa mtawa, mwachieni nafasi.

Tumesikia kuna matapeli wa bajaji. Ni kweli?

Ni kweli, na huja na tabasamu. Mnakaribia Kasri, mtu nadhifu, pengine na kitambulisho shingoni, anawaambia: leo Kasri limefungwa, kuna sherehe, lakini kuna hekalu jingine na bajaji itawazungusha kwa baht 20. Bajaji hiyo, wao huiita tuk-tuk, itawapeleka duka la vito au la mshona suti, na hapo mtakaa mpaka mnunue. Kasri huwa liko wazi. Piteni mpaka getini mjionee wenyewe.

Na vito msinunue kabisa kama hamvijui. Bangkok ni soko kubwa la vito duniani, mawe ya kwetu mengi, tanzanaiti na rubi, yanafika huko kukatwa. Ndiyo sababu wanajua kuuza kuliko mnavyojua kununua.

Haya, tununue wapi?

Hapa nitakaa kidogo.

Platinum Fashion Mall, Pratunam: maduka zaidi ya 2,000 ndani ya jengo lenye kiyoyozi, nguo za kike kwa wingi. Karibu kila duka lina bei mbili zimeandikwa: ya kipande kimoja na ya jumla, na jumla huanzia vipande vitatu. Blauzi ya baht 250 inakuwa 200 mkichukua tatu, na mara nyingi mnaruhusiwa kuchanganya rangi. Ndiyo maana wawili mna nguvu kuliko mmoja: unganisheni mahitaji yenu na ya dada zenu, mnunue duka moja.

Nje yake, soko la Pratunam lenyewe, bei inashuka zaidi na joto linapanda. Nendeni asubuhi. Bobae, mbele zaidi kwenye mfereji ule ule, ni la wanaobeba kwa madazeni.

Sampeng, kichochoro kirefu ndani ya mtaa wa Wachina, ni kwa vitu vidogo: shanga, vifungo, utepe, hereni, vibanio, vya kufungashia zawadi. Mwenye duka la urembo ataliacha soko hilo kwa shida. Kichochoro ni chembamba na wabeba mizigo wanapita na mikokoteni wakipiga kelele. Mkiisikia, bana ukutani. Sampeng inatokea Pahurat, kwa wauza vitambaa wa Kihindi, na huko lesi na vitambaa vya harusi ni vya kuvutia mno.

Soko la Chatuchak ni la Jumamosi na Jumapili, maelfu ya vibanda katika sehemu 27. Pangeni safari ipate wikendi moja. Kuna mnara wa saa katikati. Wekeaneni ahadi ya kukutana hapo mkipotezana, maana mtapotezana. Mkipenda kitu pigeni picha namba ya kibanda. Tulipenda taa za kamba za maua, tukasema tutarudi, hatukuiona njia tena.

Kuna jambo lilinigusa pale. Ilipofika saa kumi na mbili jioni, stesheni ya karibu, wimbo wa taifa ukapigwa kwenye vipaza sauti. Watu wote, na mifuko yao, wakasimama kimya. Nanyi simameni.

Kwenye majengo ya maduka, MBK ni ya simu na zawadi ndogo. Terminal 21 na ICONSIAM ni za kutazama na kupumzika kwenye ubaridi. Boti ya kwenda ICONSIAM kutoka Sathorn haina nauli, na ghorofa yake ya chini imejengwa kama soko la majini. Nguo zake si za bajeti hii.

Mbona watu wanalalamika nguo za huko haziwatoshi?

Kwa sababu nyingi ni za saizi moja, na saizi hiyo imekatwa kwa binti wa Kithai, si kwa mama wa Kiswahili mwenye nyonga. Vibanda vingi hawaruhusu kujaribu. Bebeni tepu ya fundi. Kabla ya kuondoka, pima nguo yako inayokukaa vizuri: kifua, nyonga, bega, tundu la mkono, andika kwenye simu. Mimi siku ya kwanza ya manunuzi nilichukua blauzi sita kwa macho. Kifua kilitosha, tundu la mkono likanibana zote sita, na vibandani hawarudishi. Kesho yake nilifika na tepu, muuzaji mmoja akaichukua mwenyewe akanipimia, akaniletea za ndani ambazo hazikuwa zimetundikwa. Saizi kubwa zipo Pratunam, ulizeni.

Tunapatanaje bei bila lugha?

Kwa kikokotoo. Anaandika 300, unaandika 220, anacheka, anaandika 260. Msikimbilie nusu ya bei kama Kariakoo. Kwenye maduka ya jumla nafasi ni ndogo, na mkishusha mno wanaudhika kimyakimya. Jifunzeni "tao rai", yaani bei gani, na "lot noi dai mai", unaweza kupunguza kidogo? Mwanamke anamalizia na "kha", mwanamume "khrap". Hasira na sauti kubwa havisaidii kitu kule. Atakayekasirika wa kwanza ndiye aliyekosa adabu.

Kodi tunarudishiwa?

Kwenye maduka makubwa yaliyosajiliwa, ndiyo. Kodi ni asilimia 7, na mnatakiwa kununua si chini ya baht 2,000 duka moja kwa siku moja, pasipoti mkononi, wakupeni fomu. Uwanja wa ndege huenda mkatakiwa kuonyesha bidhaa kwa forodha kabla ya kukabidhi mabegi. Vibanda vya sokoni havimo kwenye mpango huu.

Chakula halali kinapatikana?

Kwa wingi. Mbali na mtaa wa Darul Aman niliousema, kuna Sukhumvit Soi 3 yenye migahawa ya Kiarabu, ambako mtasikia Kiarabu cha Oman na cha Ghuba, wengi wamekuja na wagonjwa wao hospitali za jirani. Ban Krua, kando ya mfereji, ni mtaa wa Waislamu wa asili ya Cham waliokuwa wafumaji wa hariri. Tafuteni alama ya halali kwenye kibanda. Sahani ya mtaani ni baht 50 hadi 80. Wali kwa kuku wa kuchemsha, tambi za pad thai, embe kwa wali wa nazi unaonata, huo wa nazi utawarudisha nyumbani. Semeni "mai phet" kama hamuwezi pilipili, na bado itakuwa na pilipili.

Twende mwezi gani?

Novemba mpaka Februari. Aprili ni joto kali, na tarehe 13 hadi 15 ni mwaka mpya wao, Songkran, watu wanamwagiana maji na maduka mengi ya soko yanafungwa. Septemba na Oktoba mvua ni nyingi.

Mlifanyaje msigombane kuhusu pesa?

Swali hili linaulizwa kwa sauti ya chini, lakini linaulizwa sana. Siku mbili za kwanza tulikatazana kununua. Tulitembea tu, tukauliza bei, tukaandika kwenye daftari dogo la kurasa za mistari: kitu, duka, bei. Kila usiku kabla ya kulala tulilifungua na kusoma pamoja. Vingi nilivyovitamani siku ya kwanza nilivifuta mwenyewe siku ya tatu. Siku tatu za mwisho ndizo za kununua. Na kila mmoja alikuwa na baht 1,500 zake asizoulizwa. Yeye alinunua redio ya zamani, mbovu, na sikusema neno. Anaitengeneza mpaka leo.

Kuna vitu vya kukatazwa?

Sigara za umeme ni marufuku nchini, msiingie nazo. Msiseme ovyo kuhusu mfalme wala kukanyaga noti yenye picha yake. Sheria yao ni kali. Sanamu za Buddha zina vibali vyake vya kutolewa nchini, ziacheni. Nguo na mikoba yenye nembo bandia inaweza kushikwa forodha.

Mizigo tunairudishaje?

Pimeni mabegi hotelini, si uwanjani. Mizani ndogo ya kuning'iniza inauzwa huko huko. Mkizidisha sana, Pratunam kuna mawakala wa kusafirisha mizigo mpaka Dar na Nairobi kwa kilo; ulizeni bei kwa mawakala wawili watatu na mpate maandishi yanayosema kama ushuru umo au haumo. Nguo kumi za muundo mmoja kwenye begi, forodha ya nyumbani itaziona kama biashara, basi wekeni risiti karibu.

Halafu mifuko. Kila kibanda kitawapa mfuko wa plastiki, na Tanzania imeipiga marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, Kenya tangu Agosti 2017. Usiku wa mwisho tulikaa sakafuni, tukatoa nguo zote, tukaacha mifuko ile kwa mhudumu wa hoteli, tukazifunga kwa kanga mbili nilizokuja nazo.